Shada la Vitunguu Juu ya Mlango

Endagikot ukungu huamka kabla ya watu. Hupanda kutoka bondeni polepole, huingia zizini, huingia jikoni bila hodi, na siku nyingine huwa mzito kiasi kwamba mtu akitundika koti lake juu yake asubuhi, jioni atalikuta palepale. Asiyeamini aje na koti lake ajaribu.

Fabiola Sulle wa Darasa la Sita alikuwa ameuzoea. Kila kulipopambazuka alimfungua punda wao, ambaye baba yake alimwita Bwana Shamba kwa sababu alipenda kusimama akitazama wengine wakilima, akamfunga madumu na kushuka naye kwenye chemchemi. Pale kwenye chemchemi watoto hawakupiga kelele. Tangu wakiwa wanabebwa mgongoni waliambiwa kwamba maji yale yana wenyewe. Wazee waliwaita netlangw, na walisema kwamba hukaa chini ya maji na hawapendi uongo. Jumapili baada ya kanisa watu waliyacheka mambo hayo. Jumatatu walichota maji kimyakimya.

Siku moja, baada ya maji na uji, Fabiola alifika shuleni na kumkuta Mwalimu Mwita ameshaanza kuchora ubaoni. Mwalimu Mwita alitoka mkoa wa Mara, akaletwa huku juu kwenye baridi, na tangu afike hajawahi kuonekana bila sweta mbili. Alifundisha Hisabati na Stadi za Kazi.

"Leo tunazunguka dunia," alisema huku akipuliza vidole. "Nataka mjue watoto wa wenzetu wanapewaje alama. Ujerumani, mtoto akileta moja nyumbani wazazi wanafurahi. Akileta sita, hapo ndipo anaulizwa maswali."

"Basi mwalimu mimi nihamie Ujerumani," alidakia Patriki kutoka nyuma. "Moja ninazo nyingi!"

Darasa lilicheka. Mwalimu Mwita naye alicheka, akaendelea. "Ufaransa wanahesabu mpaka ishirini, na kuipata hiyo ishirini yenyewe ni kazi kama kumkamua kondoo dume. Ufini alama ya chini ni nne. Hata ukisinzia kwenye mtihani, nne yako ipo. Lakini Denmaki, jamani! Ya juu ni kumi na mbili, na ya chini ni hasi tatu."

"Hasi?" Gaudensia Margwe, aliyekaa dawati moja na Fabiola, alishangaa. "Yaani unaenda shule, unarudi umepungua?"

"Unapungua kweli. Hata sifuri unaitazama kwa kuinua shingo." Mwalimu aliweka chaki chini. "Sasa sikilizeni. Kila nchi imechagua namba au herufi zake. Sisi hapa tuna A mpaka E. Lakini kokote uendako, alama inauliza swali moja tu: wewe umefanya nini? Wiki ijayo nitatoa alama za vitunguu. Hapo ndipo kila mmoja atajibu swali hilo."

Fabiola aliinamisha uso. Alikuwa na jibu lake, na halikuwa zuri.

Kila mwanafunzi wa Darasa la Sita alikuwa amepewa tuta moja la vitunguu saumu kwenye bustani ya shule. Gaudensia aliamka mapema, akapalilia, akamwagilia, akakaa na tuta lake kama anayekaa na mgonjwa. Fabiola alikuwa na mtindo wake. Maji aliyamwaga upande wa njiani tu, ili wapita njia waone majani mabichi na kusema, "Ona mtoto wa Sulle!" Upande wa chini, usioonekana, ardhi ilipasuka. Wakati wa kuvuna, vitunguu vya Gaudensia vilitoka vikubwa kama ngumi ya fundi seremala. Vya Fabiola vilitoka vidogo kama vifungo vya shati.

Hilo lingekuwa jambo dogo kwa mtoto mwingine. Kwa Fabiola lilikuwa msiba, maana baba yake ndiye aliyejulikana mpaka Katesh kwa vitunguu saumu. Mzee Sulle alikuwa akisema mbele za watu kwamba mwanawe akipanda hata jiwe, litaota.

Kila mwanafunzi alisuka vitunguu vyake kuwa shada, akafunga kibao chenye jina lake kwa kamba ya katani, na mashada yote yakatundikwa kwenye kenchi za stoo ya shule yakauke. Ufunguo wa stoo alikuwa nao kiranja wa stoo. Kiranja wa stoo alikuwa Fabiola.

Siku hiyohiyo mchana aliingia stooni, wakati wenzake wanacheza mpira. Stoo ilikuwa na giza kidogo, na mashada yalining'inia kama watu waliosimama bila miguu. Alifungua kibao cha Gaudensia, akafungua chake, akavibadilisha. Maganda makavu yalimwangukia begani, yakachakarisha kama mtu anayenong'ona. Aligeuka haraka. Hakuona mtu.

Wiki iliyofuata Mwalimu Mwita alikagua mashada mbele ya darasa. Fabiola alipata A. Gaudensia alipata E.

"Mwalimu, hivi si vyangu," Gaudensia alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini hakuyumba. "Vyangu vilikuwa vikubwa."

"Kibao kinasema nini?"

"Kinasema Gaudensia. Lakini vitunguu si vyangu, mwalimu."

"Kila mwaka kuna mtu ambaye vitunguu vyake husinyaa vikifika ndani," mwalimu alisema bila ukali. "Kaa chini, mama. Mwakani utajitahidi."

Gaudensia alikaa. Alimtazama Fabiola, na wala hakuwa na hasira. Alikuwa kama anayesubiri rafiki yake aseme neno. Fabiola alijifanya anatafuta kalamu chini ya dawati. Kalamu ilikuwa mkononi mwake.

Kila mtoto alikwenda nyumbani na shada lililokuwa na jina lake. Mzee Sulle alipoliona lile la A, alipiga kelele za furaha mpaka Bwana Shamba akajibu kutoka zizini. Alichukua msumari, akalitundika shada juu ya mlango wa nyumba, pale ambapo kila aingiaye lazima apite chini yake.

"Mgeni yeyote akija," alisema, "kwanza atainama kwa vitunguu vya binti yangu, ndipo anisalimie mimi."

Tangu siku hiyo Fabiola hakupata raha.

Akitoka kwenda kuchota maji, alipita chini ya shada. Akirudi, alipita chini ya shada. Upepo ukivuma, maganda yalichakarisha, na katika kuchakarisha kule alisikia maneno, waziwazi, kwa sauti isiyo ya mwanamume wala mwanamke: wewe umefanya nini? Siku isiyo na upepo ganda moja lilidondoka lenyewe na kutua begani mwake. Alilipangusa. Kesho yake likatua jingine, bega lilelile.

Kisha ikaja harufu. Msimu wa mavuno Endagikot nzima hunuka vitunguu saumu. Hata sadaka kanisani hunuka vitunguu. Hakuna anayejali. Lakini Fabiola aliisikia kwenye vidole vyake vilivyofungua zile kamba, na haikutoka. Alinawa kwa sabuni. Alisugua kwa majivu. Alikamulia ndimu. Harufu ilikaa. Chai ilinuka, ugali ulinuka, mto aliolalia ulinuka. Kuku wa nyumbani walianza kumpisha njia, na jogoo mkubwa, ambaye hajawahi kumpisha hata mchungaji, alipanda juu ya paa alipomwona.

"Mama, nanuka?" aliuliza.

Mama yake alimnusa kichwani. "Unanuka moshi, kama sisi sote. Una homa?"

Hakuwa na homa. Alikuwa na Gaudensia, ambaye siku zile alikuja shuleni kimya, akakaa kwenye ukingo wa dawati kama mgeni.

Patriki ndiye aliyeleta habari, na Patriki habari zake hakuzichemsha, alizigawa mbichi.

"Mmesikia? Mjomba wake Gaudensia, yule Basili wa kule Dirma, ameambiwa habari za ile E. Amesema mtoto anayeshindwa vitunguu, Kiingereza atakiweza wapi? Anakuja Jumamosi, siku ya mnada, anamchukua akachunge ndama. Shule basi."

"Acha uongo wako," alisema Fabiola.

"Kamuulize mwenyewe. Na bado hujasikia kubwa." Patriki alipunguza sauti. "Bibi yake ameonekana kwenye chemchemi, mchana kweupe, peke yake. Anaongea na maji. Amenyoosha fimbo, hivi, anayafokea. Nimemwona kwa macho yangu. Amewaambia wenye maji wamtafute aliyembadilishia mjukuu wake vitunguu."

"Nani kasema vilibadilishwa?"

"Mimi sijui. Wenye maji ndio wanajua," alisema Patriki, akaondoka akipiga mluzi.

Siku hiyo jioni jua likiwa bado lipo, Fabiola alishuka kwenye chemchemi na Bwana Shamba. Ukungu ulikuwa umerudi mapema na kufunika mikaratusi mpaka kiunoni. Hatua chache kabla ya maji, punda alisimama. Fabiola alimvuta. Alimsukuma. Punda alitega masikio kuelekea kwenye maji kama anayesikiliza mazungumzo ya watu, kisha akarudi nyuma, kwato kwa kwato, huku akimtazama yeye.

"Twende, Bwana Shamba. Kuna nini? Hakuna kitu pale."

Maji yalitoa kiputo kimoja. Kikapasuka. Kikaja kingine. Fabiola aliinama achote, akauona uso wake ndani ya maji, na nyuma ya uso wake kama kitu kinachoning'inia. Hakungoja kujua ni tawi au ni nini. Alitimua mbio na punda mbele yake, madumu matupu yakigongana, na akafika nyumbani amepoteza kandambili moja.

Hata hivyo ilimbidi apite chini ya shada ndipo aingie ndani.

Ijumaa ilifika. Baada ya masomo Gaudensia hakuja njia yao ya kawaida, naye Fabiola akarudi peke yake. Alisimama mbele ya mlango wa nyumba yao. Baba alikuwa shambani, mama jikoni. Shada lilikuwa linazunguka polepole, ingawa upepo haukuwepo: mara kulia, mara kushoto, kama mtu anayetikisa kichwa.

"Nimesikia," Fabiola aliliambia. "Nimesikia, basi!"

Alivuta kigoda, akapanda, akalishusha. Lilikuwa zito kuliko alivyofikiri. Alilibeba begani, akakatiza mashamba ndani ya ukungu mpaka kwa Bibi Philomena, bibi yake Gaudensia.

Gaudensia alikuwa uani. Alikuwa amekaa kwenye gogo, anakunja sketi yake ya shule. Aliikunja vizuri, akailainisha kwa kiganja.

"Umekuja," alisema. Alinyoosha ile sketi. "Chukua. Mdogo wako atavaa. Mimi kule Dirma sitaihitaji."

Fabiola hakuweza kuipokea. Mikono yake ilikuwa imejaa vitunguu.

"Ni vyako," alisema. "Hivi. Ni vyako. Nilibadilisha vibao. Mimi. Stooni."

Gaudensia alilitazama shada muda mrefu. "Nilijua si vyangu vile vidogo," alisema taratibu. "Lakini sikutaka iwe wewe."

Fabiola alitamani sana apigwe kofi. Kofi lingeisha.

Bibi Philomena alitokeza mlangoni akiwa na fimbo yake, shuka begani. Fabiola alianguka magoti.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mbona unapiga magoti kwenye kinyesi cha mbuzi?"

"Bibi, nakuomba, waambie waniache. Waambie wale wenye maji. Nimerudisha kila kitu. Harufu haitoki, bibi, na kuku wananikimbia, na punda amekataa kunywa maji kwa sababu yangu. Waambie nimesema ukweli."

"Wenye maji wapi?"

"Ulikwenda kwenye chemchemi. Ukawaambia. Patriki alikuona unayafokea maji kwa fimbo."

Bibi Philomena aliegemea fimbo yake. Halafu mabega yakaanza kumtikisika, na Fabiola alidhani analia, kumbe anacheka, kicheko cha ndani kisichotaka kutoka.

"Nilikwenda kusuuza kibuyu changu cha maziwa," alisema, akifuta macho kwa ncha ya shuka. "Kikaniponyoka, kikaelea katikati. Kibuyu cha marehemu mama yangu! Nikakivuta kwa fimbo, hakitaki. Ndipo nikakitukana. Ndiyo, nilikifokea. Mtu asikifokee kibuyu chake?"

"Hukumlaani mtu?"

"Nimlaani nani, na sikujua kama kuna aliyekosa? Mimi nilidhani mjukuu wangu alikuwa mvivu. Nilimsema mpaka akalia." Kicheko kilimwisha. Alimvuta Gaudensia karibu naye, akamshika kichwa. "Nisamehe, mama. Ulisema ukweli ndani ya nyumba yangu na sikukusikia."

Kisha alimgeukia Fabiola, na uso wake haukuwa na mzaha tena. "Hakuna aliyekutuma hizo harufu, binti. Umezibeba mwenyewe. Simama. Twende kwa mwalimu wako kabla mjomba hajafika."

Walimkuta Mwalimu Mwita nje ya nyumba yake, akiota moto na sweta zake mbili. Fabiola alieleza yote, tangu maji aliyomwaga upande wa njiani mpaka vibao. Hakuacha kitu. Alipomaliza, mwalimu alitoa simu, akapanda kwenye kichuguu alichosema ndicho chenye mtandao, akampigia Basili.

"Ndugu yangu, mimi ndiye mwalimu wa Gaudensia. Ile E ilikuwa kosa. Kosa la mwanafunzi mwingine, na kosa langu pia, maana mtoto aliniambia nami nikakiamini kibao. Ndiyo. Alama yake ni A. Hapana, si A ya huruma. Njoo kesho uvione vitunguu vyenyewe."

Basili alikuja kweli Jumamosi, akatoka mnadani na kofia yake ya manyoya. Alikishika kitunguu kimoja, akakipima mkononi, akakinusa, akamtazama mpwa wake kama ndiyo kwanza anamwona. "Ndama watachungwa na wenyewe," alisema. Aliondoka na vitunguu viwili mfukoni, na Gaudensia akabaki na sketi yake.

Kwa Mzee Sulle ilikuwa ngumu zaidi. Fabiola alimwambia mwenyewe, mbele ya ule msumari mtupu juu ya mlango. Baba yake hakufoka, na hilo ndilo lililomwogopesha. Alisimama akiutazama msumari.

"Nimewaalika watu wangapi kuinama hapa," alisema mwishowe. "Na mimi nimeinama nao. Mwanangu, ungeniletea vile vidogo, ningevila kwa ugali na kunyamaza. Kesho nitazunguka nyumba kwa nyumba na kuwaambia walioona vitunguu vile ni vya nani. Na tutakwenda wote wawili."

Walikwenda.

Jumatatu Mwalimu Mwita alimwita Fabiola mbele ya darasa. Ufunguo wa stoo aliuchukua, akampa Gaudensia. Fabiola mwenyewe aliwaeleza wenzake alichofanya. Patriki hakutania hata mara moja, na hilo halijawahi kutokea tena tangu siku hiyo.

"Sasa alama yako," mwalimu alisema. "Nimefikiri sana. E ni ya mtu aliyelima vibaya. Wewe ulilima vibaya, kisha ukaenda kuvuna kwa mwenzio. Hapa kwetu herufi ya kukutosha hatuna. Imebidi niazime Denmaki."

Akaandika ubaoni, kubwa: hasi tatu.

Darasa liliguna. Fabiola aliinua shingo, kama vile sifuri iko juu ya paa, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi alijikuta anataka kucheka na kulia kwa pamoja.

"Nitatokaje huko, mwalimu?"

"Kwa jembe. Kuna tuta tupu pembeni. Panda upya, na safari hii umwagilie mpaka upande usioonekana." Mwalimu Mwita aliwageukia wote. "Nimewazungusha dunia nzima na nikasahau kuwaambia jambo hili. Moja ya Ujerumani, ishirini ya Ufaransa, A ya hapa kwetu, zote zina thamani pale tu zinapokaa kwa mwenye kazi yake. Ukichukua ya mwenzio, yeye unampotezea njia, na wewe unajipotezea usingizi. Kidogo ulichopata kwa mkono wako unaweza kukikuza. Kikubwa ulichoiba utakilinda tu, mpaka kikuchoshe. Gaudensia, una la kusema?"

Gaudensia alisimama. "Atahitaji mtu wa kumwonyesha jinsi ya kupalilia," alisema. "Maana hajui kabisa."

Hapo ndipo Patriki alipocheka, na darasa zima likafuata.

Jioni ile Fabiola alishuka kwenye chemchemi. Alinusa vidole vyake: vilinuka udongo tu. Bwana Shamba alikwenda moja kwa moja mpaka ukingoni, akanywa kama aliyekuwa amefunga kwa juma zima. Na pale kwenye majani, imepangwa vizuri, kavu kabisa, ikielekea njia ya nyumbani, ilikuwa kandambili yake. Baadaye aliwauliza watu wote wa bondeni ni nani aliyeiweka. Kila mmoja alisema si yeye, na Bibi Philomena alisema yeye huenda kule kwa ajili ya kibuyu tu.

Lakini jioni ile Fabiola aliivaa tu, akasema asante kwa sauti ndogo, akachota maji kimyakimya.